Kinyozi Katika Nyumba ya Fundi

Kinyozi alioa akiwa ameshavuka arobaini, umri ambao rafiki zake walikuwa wameacha kumtania kuhusu ndoa na kuanza kumwonea huruma. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, shati lake limenyooshwa vizuri hata siku za kufagia. Miaka yote alilala kwenye chumba nyuma ya duka lake, kitanda upande huu, jiko la mafuta upande ule, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza ametoka wapi wala atarudi saa ngapi. Alikuwa akijisifu kwamba yeye hana wivu na mtu. Ni kweli hakuwa nao, maana hakuwa na kitu ambacho mwingine angeweza kukigusa.

Mkewe alimpata kupitia kichwa cha mtoto. Mama mmoja mjane, mshonaji wa sare za shule, alimleta binti yake anyolewe kabla shule hazijafunguliwa. Binti huyo aliitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Alipokaa kitini na kufungwa shuka shingoni, alimwaga habari zote za kwao: baba yake alikuwa fundi bomba, alifariki kwa homa, nyumba ni yao wenyewe, na mama hulia akikata vitunguu hata siku ambazo hakuna vitunguu. Mama mtu alisimama mlangoni akitamani ardhi ipasuke immeze. Kinyozi alicheka, kisha akamtazama yule mama, akaacha kucheka. Alimnyoa binti taratibu kuliko alivyowahi kumnyoa mtu yeyote, ili wasiondoke upesi.

Walioana majira ya baridi yakiisha. Akafunga chumba cha nyuma ya duka, akabeba masanduku yake na kuhamia kwa mkewe.

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, vyumba vitatu na jiko, na marehemu aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, jioni akitoka kazini na siku za mapumziko. Mtaani hapakuwa na mtu aliyeiita nyumba ya mshonaji. Iliitwa "kwa Fundi". Mgeni akielekezwa njia aliambiwa, ukifika kwa Fundi kata kushoto.

"Hapa ni kwako sasa," mkewe alimwambia akimkabidhi ufunguo.

Lakini nyumba yenyewe ilikuwa haijapewa taarifa. Kulabu za kutundikia nguo zilikuwa juu sana, kwa kuwa marehemu alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, na Kinyozi ilimbidi apande kigoda kutundika koti lake. Kioo cha bafuni kilimwonyesha paji la uso tu, yeye ambaye kazi yake ni nyuso za watu. Asubuhi ya kwanza aliizungusha koki ya jikoni kama watu wote wanavyozungusha koki, ikagoma. Akaongeza nguvu, kisha kwa hasira akaizungusha upande wa pili, ikatapika maji yaliyomlowesha kuanzia kola hadi kiunoni.

"Baba mdogo," Kasuku alisema, akichovya mkate kwenye chai bila hata kuinua kichwa, "koki ya baba inafunguliwa kinyume. Aliifunga hivyo makusudi ili wageni wasichezee maji."

Wageni. Neno hilo Kinyozi alitembea nalo hadi dukani kama mtu mwenye kokoto kwenye kiatu.

"Nitaibadilisha ile koki," alimwambia mkewe jioni.

"Ya nini, na inafanya kazi vizuri?" mkewe akamjibu, akaendelea kukata nyuzi. Hakuwa na maana mbaya. Lakini Kinyozi alisikia vingine kabisa.

Dukani nako hakupata nafuu. Mteja wake mmoja, mzee aliyewahi kuwa dereva wa malori, alikaa kitini akamkazia macho kwenye kioo. "Kumbe wewe ndiye uliyeingia kwa Fundi! Mwanamume yule, acha tu. Alinitengenezea bomba zamani hizo, mpaka leo halijavuja hata tone."

"Ndiyo, nimesikia," Kinyozi alisema, mashine ikitembea kisogoni.

"Halafu mpole. Halafu haringi. Na wewe una bahati, bwana. Umekuta kila kitu tayari, umeingia na mswaki tu."

Hapo mashine iliteleza ikala nywele nyuma ya sikio, mahali ambapo hapakuwa kwenye mpango. Ilibidi amnyoe mzee wa watu kichwa kizima, akamwambia huo ndio mtindo wa majira ya joto. Mzee alijipapasa kipara, akasema kweli anasikia upepo.

Wivu juu ya mtu aliye hai una nafuu yake. Unaweza kumfuata, ukamwona akijikwaa, ukamsikia akisema upuuzi mbele za watu, ukarudi nyumbani umetulia. Marehemu hakuwa na siku mbaya. Hakuwa akikoroma, hakuwa akisahau kununua sukari, hakuwa akiacha kitana kwenye meza ya chakula. Alitulia ndani ya picha sebuleni, amevaa shati la kazi, anatabasamu kidogo, na kila mwezi alizidi kuwa mwema. Kinyozi alianza kupita mbele ya ile picha akiwa amegeuzia uso dirishani.

Joto lilipopamba moto aliona nafasi yake. Alinunua feni kubwa ya kusimama, akaibeba begani mtaa mzima ukimwona.

"Nimewaletea upepo!" alitangaza mlangoni.

Kasuku aliiwasha. Ikazungusha joto lile lile la sebuleni, ikalitoa kwenye kona hii na kulipeleka kwenye kona ile. Mkewe alimshukuru sana, akakaa mbele ya feni kwa heshima, jasho likimtiririka shingoni. Baada ya muda alijifanya ana sufuria ya kuangalia, akaenda jikoni. Kasuku akamfuata. Kinyozi alipokwenda kuwachungulia aliwakuta wote wawili wameketi sakafuni, khanga zimelegezwa, wanasinzia kwa raha. Jiko lilikuwa na madirisha mawili yaliyotazamana, moja dogo chini, moja kubwa juu, na hewa ilipita hapo muda wote.

"Baba alisema upepo unapanda kutoka bondeni," Kasuku alimweleza. "Ukiufungulia njia unakuja wenyewe. Njoo ukae, baba mdogo."

Hakukaa. Alirudi sebuleni akakaa na feni yake, nayo ikawa inageuza shingo huku na huku kama mtu anayetafuta wenzake.

Nyuma ya jiko palikuwa na mtaro. Ulianzia juu kwenye kona ya uwanja, ukapita kwa mshazari karibu kabisa na ukuta, ukaishia chini kwenye kichaka. Ulikuwa umejengewa mawe pande zote mbili, na ndani yake hapakuwa na kitu ila majani makavu na mifuko ya plastiki iliyoletwa na upepo. Mara mbili Kinyozi alijigonga hapo kidole cha mguu akienda kuanika taulo za dukani. Mara ya pili alikaa chini akashika kidole, akautazama ule mtaro kwa muda mrefu. Akaona pale pangefaa kibaraza. Sakafu safi ya saruji, kivuli cha mabati, mkewe akatoa cherehani nje akashona kwenye mwanga badala ya kujibana chumbani. Kitu ambacho mtu akikiona atauliza, hiki kimejengwa na nani, na jibu litakuwa jingine.

"Nataka kuufukia ule mtaro," alimwambia mkewe.

Mkewe alisimamisha cherehani. "Uache tu."

"Kwa nini?"

"Aliuchimba yeye," mkewe alisema, akainama tena kwenye kitambaa.

Laiti angesema ni wa maji, huenda Kinyozi angefikiri mara mbili. Lakini "aliuchimba yeye" ndilo jibu lililomaliza kabisa subira yake. Mkewe aliposafiri kwenda kumuuguza shangazi yake, Kinyozi alifunga duka, akanunua saruji na mchanga, akauvamia ule mtaro kama mtu anayelipiza kisasi. Alijaza mawe, akajaza udongo, akashindilia kwa miguu. Kasuku, akitoka shule, alisimama kando na begi lake mgongoni.

"Baba mdogo, na mvua je?"

"Mvua gani? Unaona hata wingu hapa?"

Mbingu kweli ilikuwa nyeupe kwa ukame. Kasuku alinyamaza, jambo lililopaswa kumshtua.

Mkewe aliporudi alikikuta kibaraza kimekauka, laini, kina paa. Alikitazama, akatazama juu kwenye mteremko, akatazama tena mikono ya mumewe iliyochubuka kwa saruji. "Pamependeza," alisema. Usiku huo Kinyozi alilala usingizi mzuri kuliko wote tangu aoe, na asubuhi yake akapita mbele ya ile picha bila kugeuza uso.

Mvua za mwanzo zilikuja kidogo kidogo. Zilituliza vumbi, zikaosha majani, zikaacha harufu nzuri. Kinyozi alisimama kwenye kibaraza chake na kikombe cha chai, akasema kwa sauti ili asikike ndani, "Watu walivyotishwa na mvua ya mtaa huu, kumbe ndiyo hii!"

Mvua yenyewe ilikuja Jumapili mchana, na mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea.

Mama mkwe huyu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kanisani, na hakuwa akificha kwamba alimpenda mkwe wake wa kwanza kama mwanawe. Alikuwa ameshakula, ameshavua viatu, ameshika kikombe, na alikuwa katikati ya kisa cha namna marehemu alivyomtengenezea choo, mwanga ulipofifia ghafla na bati likaanza kupigwa. Hawakusikilizana tena. Kasuku ndiye aliyeona kwanza. Alinyoosha kidole kuelekea jikoni.

Maji yalikuwa yanaingia. Hayakuingia kwa haraka. Yaliingia kama mtu mwenye haki yake, mekundu, yakibeba vijiti na majani, yakapita chini ya mlango wa jikoni, yakalizunguka jiko, yakaja sebuleni, yakachukua viatu vya mama mkwe na kuvipeleka chumbani.

"Sare!" mkewe alipiga yowe, akakimbilia chumba cha kushonea, ambako vitambaa vya shule nzima vilikuwa vimepangwa sakafuni.

Kinyozi alishika ufagio. Akafagia maji kuelekea mlangoni, yakarudi. Akaweka magunia, yakapita juu. Alimbeba mama mkwe, kwa shida na aibu isiyoelezeka, akamketisha juu ya meza ya chakula pamoja na mkoba wake.

"Miaka yote ile," mama mkwe alisema kutoka mezani, akipandisha gauni juu ya magoti, "marehemu hakuwahi kunipandisha mezani kama sahani."

Maneno hayo yalimchoma Kinyozi maini. Alitupa ufagio, akatoka nje kwenye mvua. Nyuma ya jiko aliona kile ambacho hakuwa ameona siku zote za kiangazi. Mteremko wote wa juu ulikuwa mto. Maji yote yalishuka kwa kona moja, yakafika mahali mtaro ulipoanzia, yakakuta saruji, yakasita kidogo, kisha yakageuka na kuuendea mlango wa jikoni. Hayakuwa na njia nyingine. Kibaraza chake kizuri kilikuwa kimeyashika mkono na kuyaingiza ndani.

Alichukua sururu, akaanza kukivunja.

Sijui kama kuna kazi chungu kuliko kubomoa kitu ulichojenga kwa kujionyesha, tena mbele ya watu uliotaka kuwaonyesha. Saruji ilikuwa ngumu. Aliichanganya vizuri, kwa bahati mbaya. Alipiga, ikaruka vipande, akapiga tena. Shati lake safi liligeuka tope tupu. Alikuwa akitukana, mara anajitukana mwenyewe, mara anamtukana marehemu, na mvua ilikuwa na kelele kiasi kwamba haikujalisha.

Kasuku alitoka amejifunika gunia kichwani, na koleo mkononi.

"Rudi ndani!"

"Unachimba sipo!" Kasuku alipiga kelele. "Ulikuwa unapinda hapa! Hapa, kwenye mwamba!"

Alimwonyesha. Kinyozi akahama, akachimba pale, na kweli akakuta mawe ya ukuta wa mtaro yamepangwa moja baada ya jingine, hayajasogea. Wakawa wanachimba pamoja, yeye kwa sururu, binti kwa koleo, na mkewe akaja akawa anabeba mawe kwa mikono, nywele zimemlowa zimemganda usoni. Ghafla udongo uliobaki ulikatika wenyewe. Maji yalivuta pumzi, yakauacha mlango wa jikoni, yakaporomoka kwenye njia yao ya zamani hadi kichakani.

Kesho yake jua lilitoka kana kwamba halikuwa likijua lolote. Mama mkwe alikuwa ameshaondoka, na viatu vya bintiye miguuni. Uwanja mzima ulijaa magodoro, mikeka, vitambaa vya sare vyenye madoa ya tope. Kinyozi na mkewe walikuwa wakifua bila kuongea, kila mmoja na beseni lake. Yeye alikuwa amekosa, na alijua amekosa, lakini wivu una tabia mbaya ya kuzidi pale pale mtu anapokosa. Ilimuuma zaidi kwamba mtaro ulikuwa sahihi.

"Sema tu," alisema mwishowe.

"Niseme nini?"

"Kwamba yeye asingefanya hivi. Kwamba ungependa arudi yeye, mimi nirudi nyuma ya duka."

Mkewe alikamua sketi moja, akaikung'uta, akaianika. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Kinyozi alidhani analia, akaja karibu. Alikuwa anacheka.

"Mwaka wa kwanza tulipohamia hapa," mkewe alisema, akijipangusa macho kwa kiwiko, "mvua ilitukuta tumelala. Kasuku alikuwa mchanga. Tulimweka juu ya kabati, sisi tukakesha juu ya meza ile ile. Asubuhi yake akachimba mtaro. Mvua ikaja, mtaro ukapeleka maji yote kwa jirani wa chini, yakaingia hadi kitandani kwake. Hatukusalimiana naye mwaka mzima. Akachimba wa pili, ukabomoka. Huu ulikuwa wa tatu, na aliuchimba akiwa amenuna, hasemi na mtu, anapiga mawe kama anapiga mtu. Unadhani alizaliwa anajua?"

Kinyozi alibaki na sabuni mkononi. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Kila nikimtaja uso wako unafungwa kama duka siku ya msiba. Na watu wengine wote wanamsifu, nani ataanza kusema mabaya ya marehemu?" Akainama kwenye beseni lake. "Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa pia na hasira za karibu. Na wivu! Hakutaka nishone suruali ya mwanamume yeyote. Niliwahi kupima kiuno cha mwalimu mkuu, akanuna wiki."

"Wivu? Yeye?"

"Tena kukushinda wewe. Wewe angalau unanunua feni."

Lazima isemwe kwamba Kinyozi hakupokea habari hizo kama mtu mzima. Kwanza alifurahi, furaha ndogo ya kijicho, kama ya mtu aliyesikia kwamba jirani mwenye gari jipya ameishiwa mafuta njiani. Siku kadhaa alikuwa akipiga mluzi dukani. Meza ile ile! Kwa jirani hadi kitandani! Akamwuliza mkewe habari zaidi, mwanzoni kwa kutafuta makosa tu, naye mkewe, ambaye tangu afiwe hakuwa amepata mtu wa kumsimulia jinsi marehemu alivyokuwa, alisimulia yote. Alisimulia makosa, akasimulia na mengine: alivyomwogesha Kasuku akimwimbia nyimbo za uongo uongo, alivyoogopa sindano, alivyougua. Kinyozi alijikuta kwenye habari za sindano amesahau kutafuta makosa.

Baridi ilipoingia na ardhi ikakauka kiasi, alirudi nyuma ya jiko. Safari hii hakwenda na saruji kwanza. Alikaa kwenye kigoda, akauangalia mtaro kama anavyoangalia kichwa kipya kabla hajagusa mkasi, nywele zinakuaje, zinaelekea wapi, wapi ukikata zitasimama. Akaona mahali ambapo marehemu aliukuta mwamba, akashindwa kuuvunja, akauzunguka. Akaona mahali alipochoka, mawe yakawa madogo na yamepangwa ovyo. Akaona pia ukingo mmoja uliokuwa ukibomoka, ambao mvua mbili zaidi zingeumaliza. Aliutengeneza ule ukingo. Kisha akaumba mabamba ya saruji, akayalaza juu ya mtaro kama kifuniko, moja moja, ya kuinuliwa kwa mikono miwili, na kibaraza kikawa juu, maji yakabaki na njia yao chini. Bamba moja lilitoka limepinda na lilicheza kila likikanyagwa. Alijaribu kulirekebisha akashindwa, likabaki hivyo.

Kasuku aliendelea kumwita baba mdogo. Kinyozi alikuwa amelisubiri lile neno jingine, "baba" tupu, tangu siku ya harusi, akitega sikio kila asubuhi. Wakati fulani katika majira yale ya baridi, hajui siku gani, aliacha kutega sikio. Binti alikuwa anakuja dukani baada ya shule, anafagia nywele, anawaambia wateja siri za nyumbani, naye akaona hilo linamtosha.

Wivu haukuisha. Mtu akitaja "kwa Fundi" bado palimchoma, ila palikuwa padogo, kama kidonda kilichofunga ambacho unakikumbuka ukikigonga tu.

Mama mkwe alirudi joto lilipoanza tena. Alikuja na viatu vya plastiki, akasema wazi kwamba ni kwa tahadhari. Wakamketisha kwenye kibaraza, chini ya kivuli, mkewe akiwa kwenye cherehani. Mama mkwe alitazama mabamba, akainua moja akachungulia chini, akalirudisha. Akanywa chai. Akatazama mwanga ulivyomwangukia bintiye mikononi, na namna upepo wa bondeni ulivyopita pale pia.

"Hapa lakini," alisema, "hili marehemu hakulifikiria."

Mkewe alisimamisha cherehani. Kinyozi alikuwa amesubiri sentensi hiyo mwaka mzima. Alikuwa ameiota akiwa macho, akinyoa watu; alikuwa hata na majibu yake ya unyenyekevu tayari. Sasa ilikuwa imekuja, kwa sauti ya kanisani, kutoka kwenye mdomo uleule. Na badala ya kuvimba kichwa, alimfikiria yule mtu mrefu kwenye mvua, amenuna, ana mtoto mchanga juu ya kabati, anachimba kwa mara ya tatu. Akaona si haki mtu kusemwa asipoweza kujibu.

"Angelifikiria, mama," alisema. "Hakupata muda tu."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Alimtazama kwa muda, kuanzia viatu hadi mstari wa nywele, kama anayemwona akiingia mlangoni kwa mara ya kwanza. Mkewe aliinamia cherehani yake akaanza kushona kwa kasi, mshono ukaenda kombo.

"Wewe," mama mkwe alisema, akivuta kilemba chake na kukivua. Nywele zake zilikuwa nyingi, zina mvi, zimesukwa mabutu yaliyolegea. "Hizi zinaniwasha kwenye joto hili. Mikono haifiki tena nyuma kuzisuka. Nitolee."

Kinyozi alishtuka. "Mama, mimi ni mkwe wako. Siwezi kukushika kichwa."

"Daktari aliyenitoa jino alikuwa nani yangu? Mkasi unao au huna?"

"Ninao."

"Basi."

Akaingia ndani akaleta shuka safi, kitana na mkasi. Akamfunga shuka shingoni, akafumua butu moja baada ya jingine, akazichana taratibu.

"Zisiwe fupi sana," mama mkwe alisema, akigeuza kichwa kumwangalia.

"Sawa, mama. Tulia basi."

"Nimetulia."

Hakuwa ametulia hata kidogo. Alianza kisa cha marehemu babu yake Kasuku, mumewe, ambaye inaonekana alikuwa na wivu wa ajabu, akawa anakisimulia kwa mikono na kwa shingo, huku Kinyozi akikifuata kichwa chake huku na huku na mkasi hewani, akisubiri afike mahali pa kupumua.